Jiko zito la mkaa: bamba nene likae wapi, na jembamba likae wapi

Msomaji wa Lindi ananiuliza:

"Fundi, shikamoo. Niko Lindi mjini, upande wa Mitwero. Nyuma ya nyumba nina uwanja, familia yangu ni watu wanane, na wikiendi wageni hawakosi. Nataka jiko moja zito la mkaa, la kubanikia samaki na mishikaki, na hilohilo niweze kukaushia samaki na nyama kwa moshi taratibu, saa nyingi. Fedha yangu inatosha moja tu kati ya haya matatu: pipa la lita 200 lililokatwa katikati, jiko la dukani la kuagizwa Dar es Salaam, linang'aa na limeandikwa kwamba ni la kazi nzito, au nimpe fundi wa hapa alitengeneze kwa bamba la milimita 6 lote, chini mpaka juu. Fundi anasema milimita 6 nitamrithisha mwanangu. Nichukue lipi? Na niliwekee magurudumu?"

Marahaba, mdogo wangu. Chukua la fundi, ila usikubali milimita 6 lote. Kabla hujalipa hata shilingi ya kianzio, keti na fundi wako mzungumze mambo mawili: moto utakaa wapi, na hewa itapita wapi. Mahali moto unapokaa, weka chuma kinene. Mahali hewa inapopita, taka kazi iliyobana. Kwingine kote unene ni fedha yako na mgongo wako.

Tuhesabu pamoja. Bamba la chuma la mita moja kwa mita moja, lenye unene wa milimita 1, lina uzito wa kilo 7.85. Ishike namba hiyo, itakufaa hata siku unayonunua geti. Jiko la kukutosha wewe na wageni wako liwe na urefu wa sentimita 100, upana 50, kina cha chini 35, na kifuniko chenye kimo cha 25. Ukilikunjua lote likawa bapa, unapata kama mita za mraba 2.8. Kwa milimita 6 hiyo ni kilo 132, bado hujaweka miguu, wavu wala bawaba. Kifuniko peke yake kitakuwa kilo 59, yaani mfuko mzima wa saruji na kilo tisa juu yake. Mkeo atakifunguaje huku mkono mwingine umeshika sahani ya samaki? Na siku bawaba ikichoka, kitamwangukia nani?

Halafu kuna jambo ambalo mafundi wengi hawalisemi. Chuma hakizalishi joto, kinalihifadhi tu, na kila kilo ya chuma lazima uipashe kwanza kwa mkaa wako kabla haijaanza kukulipa. Ukichoma kidari cha ng'ombe kwa muda wa saa nane, deni hilo linalipika. Ukibanika changu wanne na mishikaki ya nusu saa, utakuwa umepasha chuma kuliko samaki. Majiko ya bamba nene sana yana maana kubwa kwenye nchi za baridi, ambako upepo wa barafu unanyonya joto ukutani usiku kucha. Sisi huku jua la saa saba mchana linakusaidia bure.

Usinielewe kwamba naupenda wembamba. Jiko langu la kwanza nililitengeneza hapa Mikindani kwa bamba la milimita 1.5 lililobaki kwenye kazi ya madirisha. Miezi mitatu ya kwanza nililipenda. Mwezi wa nne mdomo wa kifuniko ukawa umepinda kwa joto, upande mmoja vidole vyangu viwili vinapita. Mkaa wa kopo moja, uliokuwa unanipa karibu saa nne, ukawa unaisha saa moja na nusu, na nyama inaungua nje huku ndani ikiwa mbichi. Nililaumu mkaa, nikabadilisha muuzaji, nikalaumu kuni. Kumbe hewa ilikuwa inaingia pale kwenye mdomo, na moto unapopata hewa usiyoipima wewe, unawaka unavyotaka wenyewe. Tangu siku hiyo kila jiko linalotoka mikononi mwangu naanza kulitazama mdomoni.

Ndiyo maana napenda kuwaeleza watu habari za George Stephen. Huyu alikuwa Mmarekani anayefanya kazi kwenye karakana ya vyuma mjini Chicago, karakana ya Weber, na kazi mojawapo pale ilikuwa kutengeneza maboya ya chuma. Mwaka 1952, akiwa amechoshwa na majiko ya wazi ambayo upepo unayachezea, alichukua boya, akalikata katikati, nusu moja akaifanya chungu cha moto na nusu nyingine kifuniko, akatoboa matundu ya hewa. Mpaka leo umbo lile linauzwa dunia nzima. Mimi kila nikipita bandarini Mtwara nikaona maboya yanaelea namkumbuka. Bamba la majiko yale si nene hata kidogo. Kilichoyapa sifa ni kifuniko kinachokaa sawasawa juu ya chungu, na matundu mawili, moja chini na moja juu, unayoweza kuyafungua na kuyafunga kwa kidole.

Sasa nikupe vipimo uende navyo kwa fundi. Kiwiliwili cha chini kiwe cha milimita 3. Kwa vipimo nilivyokutajia kitakuwa kama kilo 37, na hakitapinda. Kifuniko kiwe cha milimita 2, kilo 20 hivi, ila mdomoni kizungushiwe flati ba, ule ukanda wa chuma bapa, ya inchi moja pande zote nne, kwa ndani. Flati ba hiyo ndiyo inayozuia kifuniko kupinda, na inaingia ndani ya kiwiliwili kama mfuniko wa kopo la maziwa unavyoingia kwenye kopo lake. Fundi mvivu atakwambia haina haja. Ina haja kuliko kitu kingine chochote kwenye jiko hilo.

Unene alioutaka fundi wako tuupeleke kwenye sahani ya mkaa. Sahani hii ni bamba la milimita 5, sentimita 45 kwa 45, lililotobolewa matundu ya kutosha kupitisha majivu, nalo lina uzito wa kilo 8 tu. Isichomelewe. Ining'inie kwenye kulabu, iwe na ngazi tatu: sentimita 10 chini ya wavu, sentimita 16, na sentimita 22. Ngazi ya juu ni ya mishikaki na pweza, ya katikati ni ya kuku na samaki mzima, ya chini ni ya moshi. Utaona sahani inafunika nusu tu ya jiko. Ndivyo ninavyotaka: upande mmoja moto, upande wa pili hakuna moto. Sahani hii ndiyo itakayoliwa na moto, haikwepeki, na baada ya miaka kadhaa utaitoa na kumpa fundi akate nyingine. Jiko linalochomelewa pamoja na sehemu yake inayoungua linakufa siku sehemu hiyo inapokufa, hata liwe na unene wa milimita 6.

Matundu ya kuingiza hewa yawe ubavuni, upande uleule wa sahani ya mkaa, chini ya usawa wa mkaa. Mawili, kila moja sentimita 5 kwa 10, yenye vibamba vya kutelezesha kufungua na kufunga. Dohani iwe ubavu wa pili, ule usio na moto, na tundu lake likae usawa wa wavu, lisiwe juu kwenye kifuniko. Moshi ni mwepesi wa kukimbia: ukiupa njia juu, unakwenda moja kwa moja juu na nyama yako unaiacha. Ukiwekewa mlango chini kwenye usawa wa wavu, unalazimika kupita juu ya nyama yote kwanza. Bomba la inchi 4 lenye urefu wa sentimita 60 mpaka 70 linatosha.

Na hapo kwenye bomba nakuomba sana, simama mwenyewe uangalie fundi anachochukua. Lisiwe bomba la maji lililopakwa zinki. Zinki inayeyuka kwenye nyuzi 419, na mkaa uliokolea unapita hapo kwa mbali. Moshi wake nimeuonja. Miaka mingi nyuma nilichomelea mabomba ya namna hiyo mchana mzima ndani ya banda lisilo na dirisha. Jioni nilikuwa mzima, nikala, nikalala. Usiku wa manane nikaanza kutetemeka, meno yanagongana, kinywani kuna ladha kama nimelamba shilingi, mke wangu akaamini ni malaria. Vipimo havikuonyesha malaria. Kesho yake jioni homa ikaondoka yenyewe kama ilivyokuja. Mafundi tunaijua homa hiyo. Kitu kinachomfanyia hivyo fundi mwenye kifua cha kazi sikitaki kwenye chakula cha watoto. Bomba liwe jeusi, na mabati ya kuezekea yasiingie ndani ya jiko popote pale.

Nimeona watu wa mjini wanataka jiko lenye sanduku la moto pembeni, lile la Kimarekani. Linapendeza. Lakini lile ni jiko la kuni: linataka gogo jipya kila baada ya nusu saa au zaidi kidogo na mtu wa kulikalia. Wewe umesema una mkaa. Kwa mkaa, sanduku moja refu lenye moto upande mmoja linakupa kazi ileile kwa chuma pungufu, na unaweza kwenda Ijumaa msikitini ukarudi ukalikuta palepale ulipoliacha.

Kuhusu lile la dukani, nitakupa njia ya kulijua bila kusafiri. Uliza uzito wake na vipimo vyake, maana mara nyingi vimeandikwa kwenye boksi. Jiko la ukubwa tuliouhesabu, kama bamba lote lingekuwa la milimita 1, lingekuwa na kilo 22 za bamba tupu. Kwa hiyo jiko la ukubwa huo likiwa na kilo 30 pamoja na miguu, wavu na magurudumu yake, bamba lake halifiki hata milimita moja. Neno "kazi nzito" halipimwi kwenye mizani, kilo zinapimwa. Sisemi yote ni mabaya. Yako ya chuma kizuri kilichopakwa enameli ambayo yanavumilia chumvi ya bahari kuliko bamba letu jeusi, lakini enameli ikibanduka mahali pamoja tu, kutu inaanzia hapo na kutambaa chini yake usiione. Fedha yako ni ya jiko moja, na la fundi likiharibika mtu wa kulitengeneza yuko barabara ya pili.

Pipa ni jiko la heshima, usidanganyike na wanaolidharau. Lina upana wa kama sentimita 57, bamba la takriban milimita 1, na umbo la duara halipindi upesi kama bapa. Kwa mtu anayeanza ningesema chukua pipa ujifunze. Tatizo kwa ukanda wetu ni mambo mawili. La kwanza, hujui lilibeba nini. Mapipa yanayozunguka Mtwara na Lindi mengine yalikuwa ya kemikali za viwandani, mengine ya dawa za mashambani, na moto haufuti kila kitu. Pipa la kukubali ni lililobeba mafuta ya kula au kitu kingine cha kuliwa na maandishi yake bado yanasomeka. Tena lililokuwa na petroli au dizeli likikatwa kwa grenda bila kujazwa maji kwanza linaweza kulipuka, mvuke uliobaki unatosha. La pili ni chumvi. Milimita 1 karibu na bahari, likilala na majivu ndani, halina miaka mingi.

Nikae kidogo kwenye majivu, kwa sababu hapa ndipo majiko ya pwani yanapofia. Watu wanadhani moto ndio unaokula jiko. Moto unakula taratibu. Kinacholila upesi ni majivu yaliyobaki usiku. Majivu yananyonya unyevu wa hewa, na hewa yetu ina chumvi, hasa kusi ikivuma. Asubuhi yanakuwa tope la magadi lililogandia chumani. Fukua majivu ya wiki mbili kwenye jiko lolote la mtaani kwenu, kwangua chini yake kwa bisibisi, utaona magamba ya kutu yanabanduka kama ngozi ya samaki. Kwa hiyo kila baada ya kupika, funga matundu yote mkaa uzimike kwa kukosa hewa, usimwage maji kwenye chuma cha moto. Asubuhi toa mkaa uliobaki, utautumia tena, kisha fagia majivu yote. Ndani paka mafuta ya alizeti kidogo kwa kitambaa siku ya kwanza, washa moto wa wastani saa moja mpaka yawe ngozi nyeusi ngumu, na rudia kila ukiona wekundu. Nje paka rangi inayostahimili joto. Ndani rangi yoyote ni marufuku. Mwambie fundi atoboe tundu dogo la milimita 10 kwenye kona ya chini, mafuta na maji ya mvua yatokee hapo. Na usilifunike kwa turubai lililobana, kwani linafuga unyevu. Kipaa kidogo cha bati chenye upepo chini yake ni bora. Kiwe cha bati kweli, maana cheche moja ikipanda kwenye makuti hutakuwa na muda wa kuchota maji.

Wavu wa kupikia nao una maneno. Mafundi wengi wanakimbilia nondo kwa sababu zipo. Nondo ina mikunjo, na kwenye mikunjo hiyo mafuta ya samaki wa juzi yanakaa hata usugue vipi. Taka chuma cha mviringo kilicho laini, milimita 8 au 10, nafasi kati ya kimoja na kingine iwe upana wa kidole chembamba. Ukiweza kumudu chuma kisichoshika kutu kwa wavu tu, kifanye hapo, ndipo kinapogusa chakula. Nenda na sumaku: aina nzuri wanayoiita 304 haivutwi au inavutwa kidogo sana. Ikikamata kwa nguvu, ni aina nyingine ya bei ndogo zaidi, usiilipie bei ya 304.

Sasa moshi. Huku kwetu mtu akisema kuni, jicho linakwenda kwenye mikorosho, kwa sababu baada ya msimu matawi yaliyopogolewa yamejaa mashambani. Kwa kupikia chungu kilichofunikwa, sawa. Kwa kukaushia chakula kwa moshi mimi siitumii. Mkorosho na mwembe ni wa ukoo mmoja, utomvu wake unachubua ngozi, na moshi wake unawasha macho na koo. Tena mikorosho mingi inapulizwa salfa kuzuia ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, na vumbi lile linakaa kwenye magome. Maganda ya korosho ndiyo kabisa usiyatie motoni kwenye chakula. Yale mafuta meusi ndani ya ganda ndiyo yanayobabua mikono ya wabanguaji, na yakichomwa yanapanda na moshi. Mbao za mitumbwi na madau mabovu pia acha: zina rangi ya kuzuia viumbe wa baharini na chumvi ya miaka. Mikoko inalindwa kisheria, iache ifanye kazi yake ufukweni.

Tumia mpera uliokauka, mdimu, mchungwa, au kitu ambacho kila jikoni kwetu kipo: vifuu vya nazi. Vifuu viwili vikavu juu ya mkaa uliokolea vinatoa moshi mtamu usiokaba. Makumbi nayo yanafaa kwa samaki, ila kidogo kidogo, yana moshi mwingi mzito. Moshi unaoutaka ni mwembamba, wa samawati, unauona ukiinama tu. Ukitoka mweupe mzito kama wa tanuri la mkaa, moto hauna hewa ya kutosha, na hayo ni masizi yenye uchungu yanayogandia kwenye chakula. Fungua tundu la chini, usifungue kifuniko.

Nikuonyeshe kolekole wa kilo mbili, maana najua ndiye utakayeanza naye. Mpasue mgongoni afunguke kama kitabu, mloweke saa moja kwenye maji yenye chumvi, gramu 80 kwa lita. Mtoe, mfute, mning'inize kivulini chini ya chandarua mpaka ukimgusa kidole kinanata kidogo bila kulowa. Hatua hii watu wanairuka, na ndiyo inayoshika moshi. Sahani ya mkaa ishushe ngazi ya chini. Panga mkaa mbichi kwenye mstari, kama nyoka aliyejikunja, kisha weka vipande vitano vilivyokolea kwenye kichwa cha nyoka. Moto utatembea wenyewe kuelekea mkiani, saa baada ya saa. Samaki mlaze upande usio na moto, chini yake trei yenye maji kidogo ya kupokea mafuta. Trei hiyo si pambo. Mafuta yakidondokea mkaa yanapanda na moshi wenye sumu zinazohusishwa na saratani, na ndiyo sababu FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, pamoja na wataalamu wa Thiaroye, Senegal, walibuni mwaka 2008 tanuri la kukaushia samaki ambalo mafuta hayaruhusiwi kufika motoni. Kanuni ni hiyohiyo, sisi tunaifanya kwa trei.

Saa ya kwanza shikilia nyuzi 60 au 70, kisha fungua hewa kidogo ufike 110. Samaki ameiva ikiwa katikati ya mnofu pamefika nyuzi 63 na pamekaa hapo nusu saa. Huyo ni wa kula siku hizo au kuweka kwenye friji. Si ng'onda wa kuning'iniza mwezi. Kuku asitoke kabla ya 74. Kidari cha ng'ombe kitakusumbua: kikifika nyuzi kama 70 kitagoma kupanda, saa mbili au tatu sindano ya kipimajoto haisogei, kwa sababu nyama inatoa jasho na jasho linaipoza. Usiongeze mkaa kwa hasira, subiri, itavuka yenyewe mpaka 93 na italegea.

Kipimajoto kisikae juu ya kifuniko kama wanavyopenda kukiweka. Juu pale kuna joto kuliko kwenye wavu, utadanganyika. Mwambie fundi atoboe tundu ubavuni usawa wa wavu. Kipime kwanza kwenye sufuria ya maji yanayochemka: Lindi iko usawa wa bahari, lazima kisome 100. Newala juu kingesoma pungufu kidogo na kingekuwa bado kizima.

Kwa ugali na chai ya kila siku endelea na gesi. Jiko hili ni la siku zako maalumu, na likibana vizuri, gunia moja la mkaa litakaa mpaka ushangae. Mkaa wenyewe chagua mabonge makubwa yanayolia kama kigae ukiyagonganisha, na usiuwashe kwa mafuta ya taa, harufu yake inabaki kwenye samaki.

Siku ya kuchukua jiko nenda jioni giza likiingia, ukiwa na tochi. Iwashe, iweke ndani, funga kifuniko na matundu yote, kisha zunguka. Mwanga ukiuona kama uzi mwembamba kwenye vibamba vya hewa, hilo linavumilika. Ukiuona mdomoni mwa kifuniko, hata kama ni wa upana wa kiberiti, usilipe salio. Mwache fundi alirudishe mezani, agonge flati ba mpaka giza likamilike.

Na magurudumu, weka mawili, usiweke manne. Mawili ya chuma, makubwa, kama ya mkokoteni, upande ule usio na moto, na miguu miwili ya kawaida upande wa pili, wenye mpini. Manne yatalifanya jiko litembee lenyewe kwenye sakafu ya saruji mtoto akiliegemea. Mpira wa magurudumu madogo ya dukani utaharibika mapema kwa joto la majivu yanayodondoka na jua la Lindi, na kwenye mchanga wa uwanja wako hautasogea hata hatua moja.